Jinsi ya kufunga spika na amplifaya ziende mkoani zifike salama

Somo la leo ni la sisi tunaouza vyombo vya muziki mtandaoni: spika kubwa, amplifaya, mikisa, sabufa za kwenye shughuli. Anayeuza vitenge anaweza kuruka, ingawa habari ya sponji itamfaa siku akiuza blenda.

Mimi duka langu liko Mbagala, na wateja wangu zaidi ya nusu hawajawahi kulikanyaga. Wanaona picha, wanapiga simu, wanatuma hela, wanasubiri basi. Umeme sijausomea na fizikia yangu iliishia fomu four. Lakini watu wa mtaani wananiletea vyombo vilivyofika vimekufa, nakaa na fundi wangu tunavifungua, na ukishafungua vya kutosha unaanza kuona vinavunjikia palepale.

Kwanza fuata safari ya mzigo. Spika inatoka dukani inapanda kirikuu au bodaboda. Inashushwa Mbezi Luis, Kituo cha Magufuli, pale mabasi yalipohamia kutoka Ubungo mwaka 2021. Inabebwa hadi ofisi ya vifurushi, inakaa chini, inabebwa tena hadi kwenye buti. Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 na Mbeya ni zaidi ya 800, na njiani kila kijiji kina matuta yake na rasta zake. Ikifika inashushwa, inaingizwa stoo, inatolewa, inapanda bajaji ya mteja. Hesabu mikono. Hapo kuna kubebwa na kuwekwa chini si chini ya mara sita, na katika hao wote wewe unamjua mmoja tu, yule wa kirikuu.

Kwa hiyo acha kufunga mzigo kama vile utabebwa na mtu mwangalifu. Kuli wa stendi siyo mtu mbaya, ila ana basi linaondoka saa 12 asubuhi na mizigo mia moja mbele yake. Funga mzigo kwa kujua kwamba utaanguka walau mara moja.

Sasa nini kinavunjika?

Kwenye amplifaya ni transfoma. Amplifaya nyingi za zamani, na hata mpya za wati nyingi, zina transfoma nzito ya duara iliyobanwa na bolti moja katikati. Uzito mkubwa wa chombo uko hapo, na mara nyingi uko upande mmoja. Amplifaya ikianguka, boksi linasimama ila transfoma inataka kuendelea na safari. Bati la chini linapinda, bolti inalegea au inachomoka, na transfoma inaanza kutembea ndani na kugonga bodi. Kwa nje huoni kitu. Hata mkwaruzo haupo.

Kwenye spika ni sumaku. Zile sumaku nyeusi za kawaida zina asili ya udongo wa kuchomwa, ni ngumu lakini zinapasuka kama sahani, na zimebanwa kwa gundi. Ikipigwa sana gundi inaachia, sumaku inasogea hata milimita moja tu, na ile koili ya sauti inayocheza kwenye uwazi mwembamba inaanza kusugua. Mteja anakwambia "spika inakwaruza." Hiyo imekwisha, fundi akikuambia anaigonga irudi, mwache aende zake.

Kwenye mikisa ni vile vya kuzungusha na vya kusukuma vilivyochomoza juu. Vikibeba uzito wa mzigo mwingine vinazama au vinavunja bodi chini yake. Na kwenye makabati ya spika ni kona, hasa yale ya mbao za unga uliogandishwa. Kona ikigongwa inamomonyoka kama mkate, na mteja akiiona hiyo hakuamini tena hata kama sauti ni safi.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana watu wengi wanafunga kwa mazoea bila kujua sponji inafanya nini.

Chukua amplifaya imedondoka kutoka kwenye buti, tuseme sentimeta 60, juu ya goti kidogo. Inagonga zege. Kama imefungwa kwenye boksi jembamba, inasimama ndani ya nafasi ndogo sana, tuseme milimita 3. Gawanya 60 kwa 0.3, unapata 200. Maana yake kwa ule muda mfupi wa kugonga, kila kitu ndani kinavuta kama kimekuwa kizito mara 200. Transfoma ya kilo 6 inavuta ile bolti kama mzigo wa kilo 1,200. Hakuna bolti ya amplifaya iliyotengenezwa kubeba tani na ushee.

Sasa weka sponji inayobonyea sentimeta 3 kabla ya kusimamisha mzigo. 60 gawanya kwa 3 ni 20. Transfoma ileile sasa inavuta kama kilo 120. Hiyo bolti inaweza kuvumilia. Huo ni wastani, kilele chake kinapanda zaidi, lakini umeelewa mchezo. Sponji kazi yake siyo "ulaini." Kazi yake ni kuupa mzigo umbali wa kusimamia, kama dereva anayeanza kukanyaga breki mapema badala ya kugonga ukuta.

Na hapo ndipo kosa la nguo kuukuu na magazeti linapoonekana. Magazeti yanabonyea mara moja, hayarudi. Safari ikifika Chalinze tayari yameshakuwa bapa na mzigo una nafasi ya kucheza. Yale mapovu magumu meupe yanayokuja na boksi la kiwandani ni mazuri sana, ila yakishapokea pigo kubwa yanabonyea au kumeguka na hayarudi tena. Kiwanda kilihesabia safari ya kutoka China hadi dukani. Boksi la zamani likirudiwa mara ya tatu, lile povu ni pambo tu.

Kuhusu sponji yenyewe: siyo kila sponji. Ile ya godoro la bei rahisi ukiweka amplifaya ya kilo 20 juu yake inazama hadi chini kabla hata haijaanguka. Umbali wote wa breki umeshautumia mzigo ukiwa umetulia. Ngumu kupita kiasi nayo haifai, kwa sababu haibonyei, ni sawa na kuweka mbao. Kipimo changu ni rahisi. Kata kipande cha unene wa sentimeta 5, weka mzigo juu, tazama kwa pembeni. Ikizama nusu sentimeta hivi, hapo sawa. Ikizama sentimeta 2, laini mno. Isipozama kabisa, kuna ujanja: usiweke sponji chini nzima, weka vipande vinne vya kona tu. Uzito uleule kwenye eneo dogo unabonyea zaidi. Kwa mzigo mzito fanya kinyume chake, tandaza chini kote.

Wapi utapata? Mimi naenda Keko, kwa mafundi wa makochi. Wao wanatumia sponji ngumu ya kukalia na wanabakiwa na vipande. Ukienda kwa adabu, ukawa mteja wa kudumu, unapata kiroba cha vipande kwa bei ambayo dukani hupati hata shuka moja. Kuna pia ile sponji ya rangirangi iliyogandishwa kutoka kwa vipande vilivyosagwa. Ni nzito na ngumu, ndiyo nzuri kuliko zote kwa chini ya amplifaya. Na ile mikeka ya watoto yenye herufi nayo ni nzuri kwa kubandika kwenye mbao, inazuia kukwaruza, ila peke yake ni nyembamba.

Mzigo ukiwa chini ya kilo 10, kama mikisa ndogo au amplifaya ya nyumbani, maboksi mawili yanatosha: dogo ndani ya kubwa, sponji ya sentimeta 5 pande zote sita. Nasema sita kwa sababu wengi wanaweka chini na pembeni wanasahau juu, na stendi hakuna "juu." Kata pia kipande cha ubao mwembamba ukiweke juu ya vile vya kuzungusha bila kuvigusa, kishike kwa vipande vya sponji pembeni, ili uzito ukija uishie kwenye ubao. Kati ya kilo 10 na 25 boksi la karatasi linaanza kuchoka, tafuta lile la tabaka mbili la friji au TV, kata upya kwa kipimo chako. Zaidi ya hapo usidanganyane na karatasi. Nenda kwa seremala.

Seremala anaweza kukutengenezea vitu viwili. Cha kwanza ni kreti, mbao nyembamba zilizopigwa kama tenga la nyanya, ndani boksi na sponji. Ni ya safari moja, mteja anaichoma au anafugia kuku. Cha pili ni keisi. Siyo kesi ya mahakamani, ingawa ukituma chombo kikavunjika unaweza kuipata na hiyo nyingine.

Keisi umeziona kwenye matamasha yanayozunguka mikoani: masanduku meusi yenye kona za chuma na magurudumu, yanasukumwa kutoka kwenye lori moja kwa moja hadi jukwaani. Chimbuko la viwango vyake ni mashirika ya ndege ya Marekani, kwenye mwongozo wao wa namba 300, ambao daraja lake la juu linataka boksi livumilie safari zisizopungua 100. Watu wa muziki wakaona linawafaa. Muundo wake siyo siri. Plaiwudi ya milimita 9 kwa pande zote, pembe za alumini zilizopigwa rivet, kona za chuma za mviringo ili ikigonga isimomonyoke, makomeo yanayozama ndani yasinase, vishikio viwili vyenye springi, na sponji ndani. Kinachobeba pigo ni sponji. Plaiwudi inazuia kutobolewa na kubeba uzito wa magunia yatakayowekwa juu.

Seremala wa kawaida hana hivyo vyuma vyote na huvihitaji vyote. Mpe plaiwudi ya milimita 9, mwambie aunge kwa gundi na skrubu, siyo misumari peke yake, maana misumari inatambaa taratibu kwa mtikisiko wa barabara. Pembe abandike alumini ya ukingo wa ngazi. Makomeo ya sanduku la chuma yanafaa. Jambo moja usilegeze: vishikio viwe viwili, kila upande kimoja, na viwe imara. Boksi dogo zito lisilo na kishikio linabebwa na mtu mmoja kwa tabu, na akichoka analiachia. Lenye vishikio viwili linamwita mtu wa pili. Hiyo ni bima ambayo hailipiwi.

Kama mteja anataka amplifaya zake zifungwe kwenye keisi ya reki, zile zinazopangwa kama droo, angalia nyuma. Zile masikio za mbele zimetengenezwa kushikilia, hazikutengenezwa kubeba kilo 25 peke yake kwenye barabara. Weka reli au ubao chini upande wa nyuma, mzigo ukae juu yake. Bila hivyo, ukifika Kitonga zile kona na ule mlima vinaanza kuyakunja masikio.

Ukishafunga, kabla hujabandika solotepu ya mwisho, tikisa. Kama kuna kitu kinasogea ndani, fungua. Mzigo unaosogea sentimeta moja ndani ya boksi una safari yake binafsi ndani ya safari. Waya wa umeme, skrubu za ziada na rimoti weka kwenye mfuko wake na uutie kwenye boksi pembeni, usiuachie juu ya chombo. Nimeona plagi imetoboa koni ya spika.

Maji nayo. Masika mabuti mengi yanavuja, na boti ya Zanzibar mzigo unaweza kukaa kwenye upepo wa chumvi. Watu wanakimbilia kuzungushia nailoni chombo chenyewe kwa kubana sana. Angalia: hewa ya Dar ni ya joto na ina unyevu. Ukiifungia ndani ya nailoni, usiku basi likafika Makambako kwenye baridi, ule unyevu unageuka matone juu ya bodi. Nailoni nzito ikae nje ya boksi au ya kreti, na ndani weka vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, vikusanye. Na mteja wa Njombe au Mbeya mwambie mapema: ukipokea usiwashe papo hapo, fungua boksi, acha chombo kikae saa mbili tatu kizoee hali ya hewa.

Wanaotaka kutuma kwa ndege wajue hesabu nyingine. Ndege haiangalii kilo tu, inaangalia na nafasi. Unazidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimeta, unagawanya kwa 6,000, na kampuni nyingi za vifurushi vya haraka wanagawanya kwa 5,000. Keisi ya 60 kwa 60 kwa 80 inakuwa kilo 48 kwenye hesabu ya kwanza na karibu 58 kwenye ya pili, hata kama mizani inasoma 30. Utatozwa kwa kile kilicho kikubwa. Pia sumaku kubwa za spika na betri za spika za kuchaji zina masharti yake kwenye ndege, uliza kabla hujabeba mzigo kwenda uwanjani.

Sasa nieleze kwa nini nimekuwa mkali hivi na sponji. Kuna kijana mwenzetu huku Temeke, jina lake simtaji. Alikuwa anauza kutoka chumbani kwake, ukurasa wake ulishaanza kushika, picha nzuri, lugha nzuri kwa wateja. Alimuuzia amplifaya MC mmoja wa Songea. MC alikuwa na kitchen party Jumamosi na ameshakula advansi ya watu. Jamaa aliijaribu amplifaya vizuri, ikapiga, akaiweka kwenye boksi lake la zamani na mashuka mawili kuukuu. Ilifika Ijumaa, kwa nje safi. MC akaichomeka. Moshi.

Transfoma ilikuwa imechomoka kwenye bolti na imelala juu ya bodi.

MC akapiga picha ya ule moshi na picha ya namba ya simu ya kijana, akaandika TAPELI kwa herufi kubwa, akatupia kwenye makundi matatu ya wapiga disko. Na kijana hakutapeli mtu! Aliuza kitu kizima. Lakini utathibitishaje? Risiti ya mzigo ilikuwa na yale maandishi madogo kwamba vinavyovunjika vinasafiri kwa hasara ya mwenyewe. Akarudisha hela, na ile hela ndiyo ilikuwa mtaji. Leo anakaa kwenye kibanda cha mtu anauza chaja. Namheshimu, kwa sababu alirudisha wakati angeweza kuzima simu.

Kwa hiyo ushahidi nao ni sehemu ya kufunga. Mimi narekodi video moja isiyokatwa: chombo kinapiga, namba yake ya nyuma inaonekana, natikisa kidogo kuonyesha hakuna kinachogonga ndani, kinaingia kwenye sponji, boksi linafungwa. Namtumia mteja kabla mzigo haujatoka. Akipokea namwomba naye arekodi akifungua, kabla hajachomeka kwenye umeme. Akikuta kitu kinacheza ndani, asichomeke, anipigie. Chombo kilicholegea bolti fundi anaweza kukirudisha. Kilichoungua ni hadithi nyingine. Na kampuni ya vifurushi chagua yenye leseni ya TCRA, andikisha thamani halisi ya mzigo, usiandike "nguo" ili upunguziwe. Siku ya tatizo watakulipa nguo.

Juu ya boksi andika kwa Kiswahili, kwa maka nene, pande nne: VIFAA VYA UMEME, VINAVUNJIKA, JUU NI HUKU, na mshale. Andika na kilo. Kuli akiona "KILO 38" anajiandaa au anaita mwenzake. Asipoona anashtukizwa na uzito, na mtu aliyeshtukizwa anaachia. Usiandike jina la brandi wala bei.

Najua swali lenu: gharama anabeba nani? Tuseme spika unauza 450,000 na faida yako ni 60,000. Kreti na sponji vikila 25,000 umebaki na 35,000, inauma. Ila usiitoe kimyakimya kwenye faida, wala usimshtukize mteja mwishoni. Mpe bei mbili tangu mwanzo: ya kuchukua dukani, na ya kufika mkoani ikiwa imefungwa, na mtumie picha ya kreti. Mteja wa mkoani anaijua barabara yake kuliko wewe. Akisema "nifungie hivyohivyo kwenye salfeti," mimi siuzi. Nimeshapoteza wateja wawili hivyo na sijutii.

Kwa wale wenye wateja wa kudumu, wakodishaji wa vyombo wa Dodoma au Morogoro wanaonunua na kuleta matengenezo mara kwa mara, tengeneza keisi moja iwe yako. Mteja anaweka amana, anapokea chombo, anairudisha keisi tupu kwa basi lilelile, unamrudishia amana yake. Ndani usigundishe sponji kwa kipimo cha chombo kimoja. Kata vitalu, vingine sentimeta 5, vingine 10, uvipange upya kila safari. Keisi yangu ya kwanza ya namna hiyo bado inatembea, imechubuka kila kona, na sponji nimeibadilisha mara moja tu, ile ya chini, ilipoanza kubaki na alama ya miguu ya amplifaya hata baada ya kuinua mzigo. Ukiona alama hiyo hairudi hadi kesho yake, kipande hicho kimeshakufa, peleka kikawe mto wa kukalia dukani.